Ngeli anazijua zote, mbona watu wanasema ana dharau?

"Ninafundisha Kiswahili kwa wageni hapa Mikindani, Mtwara. Nina wanafunzi 5, wote watu wazima, saa 4 kwa wiki, na huu ni mwezi wa 5. Sarufi yao si haba. Wawili kati yao ngeli hawakosei kabisa. Tatizo liko huko nje. Mmoja alikwenda soko la samaki la Feri akamwambia muuzaji, 'Nipe samaki wawili tafadhali.' Mama yule alimuuzia, lakini baadaye akalalamika kwamba mgeni yule anaamrisha watu. Mwingine anafanya kazi ya mazoezi ya viungo hospitalini. Alimwambia bibi mmoja, 'Wewe ulitakiwa kuja Jumatatu. Kwa nini hukuja?' Bibi akasema 'Haya,' na hakurudi tena. Wa tatu alipita watu wakila, wakamkaribisha, akajibu 'Hapana.' Sasa mtaani wanasema wanafunzi wangu wana dharau, na aibu inanirudia mimi. Je, niwaongezee mazoezi ya 'tafadhali'? Au ningoje sarufi iive kwanza? Mwenzangu ananiambia adabu haifundishwi darasani, mtu hulelewa nayo."

Mwalimu, pole na kazi. Unaogopa mambo mawili kwa pamoja: kwamba wanafunzi wako wanaharibu uhusiano na watu, na kwamba huenda kosa ni la ufundishaji wako. Nianze na hilo la pili. Hujafundisha vibaya. Umefundisha nusu ambayo vitabu vingi vya Kiswahili kwa wageni hufundisha, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaumbua sokoni.

Mgeni akisema "kitabu yangu," anayemsikia anasema moyoni: huyu bado anajifunza. Kosa linabaki kwenye lugha. Lakini akisema bila doa lolote la sarufi, "Kwa nini hukuja?", hakuna anayefikiri kwamba amekosea Kiswahili. Kosa linahamia kwenye tabia yake: ana kiburi, ana dharau, hakufunzwa kwao. Na kadiri sarufi yake inavyonyooka ndivyo watu wanavyozidi kuacha kumsamehe, kwa sababu wanaamini anajua anachokisema. Ndiyo maana hao wawili wasiokosea ngeli huenda ndio wanaolalamikiwa zaidi.

Taaluma inayoshughulika na jambo hili inaitwa pragmatiki. Inachunguza maana inayotokana na nani anasema, anamwambia nani, wapi na kwa shabaha gani, zaidi ya ile iliyomo ndani ya maneno yenyewe. Mwaka 1983 Jenny Thomas, mwanaisimu wa Uingereza, alitenganisha makosa ya namna hii katika mafungu mawili, na mgawanyo huo utakufaa sana. Fungu la kwanza ni la mtu anayetaka kuwa na adabu ila anashika chombo kisicho chake: anachukua neno au muundo uliokuwa wa heshima katika lugha yake, anauhamishia kwenye Kiswahili, unageuka. Fungu la pili ni la mtu ambaye makadirio yake ya maisha ni tofauti na ya wenyeji: nani mkubwa, lipi ni ombi zito, swali gani ni la siri. La kwanza unalirekebisha kama unavyorekebisha msamiati. La pili unalieleza, kisha unamwachia mwenyewe achague.

Sasa turudi Feri. Nadhani umemshika mtuhumiwa asiye na hatia. "Nipe" si tusi. Simama hapo sokoni nusu saa usikilize: "Nipe fungu moja, mama," "Nikatie vipande," "Niongezee kidogo." Watu wanaamrishana asubuhi nzima na hakuna anayenuna. Kiswahili hakihitaji kulizungusha ombi dogo la dukani kwa "ungeweza" na "ingewezekana" kama lugha kadhaa za Ulaya zinavyofanya. Kilichokosekana kilipaswa kuja kabla ya "nipe": salamu, jina la kuitia, na kuuliza bei. Mazungumzo ya kawaida huenda hivi: "Habari za asubuhi, mama." "Nzuri, karibu." "Asante. Za hapa?" "Salama." "Hawa changu wanakwendaje leo?" Anatajiwa bei, wanavutana kidogo. "Haya, nipe wawili." Katika nafasi hiyo ya mwisho "nipe" ni laini kabisa. Ukiondoa yote yaliyotangulia ukaibakiza yenyewe, inakuwa amri ya bwana kwa mtumishi. Adabu ya Kiswahili hukaa zaidi kwenye mpangilio wa mazungumzo kuliko kwenye neno moja.

Kwa hiyo, usiongeze "tafadhali." Ni neno zuri na lina mahali pake, lakini mwanafunzi anayetoka kwenye lugha yenye neno la kuombea kila kitu hulichukua kama chumvi na kulinyunyiza kila mahali. Mswahili wa kawaida haombi hivyo. Utalisikia zaidi kwenye matangazo, kwenye barua, maofisini, na (hili lina hatari yake) katika kuonya: "Tafadhali sana, usinijaribu." Mgeni akilitumia kwa sauti kavu, bila salamu, kwa mama aliyemzidi umri, linaweza kusikika kama onyo hilo hilo. Vyombo vya kuombea vinavyofanya kazi kila siku ni "naomba," "nisaidie," "samahani" ya kufungulia njia, "kidogo" ya kupunguza uzito ("naomba nipite kidogo," "nishikie hii kidogo"), na majina ya udugu: mama, baba, dada, kaka, bibi, babu, mjomba, shemeji. Mwanafunzi asiyejua amwite nani vipi ataishia kusema "wewe," na hapo ugomvi umeanza.

Hilo linatupeleka kwa bibi wa hospitalini, ambaye kisa chake ndicho kizito kuliko vyote. Katika sentensi zile mbili fupi kuna makosa matatu, na hata moja si la sarufi. La kwanza ni "wewe." Kitenzi cha Kiswahili tayari kimembeba mtendaji ndani yake, "ulitakiwa" inatosha. Ukimtanguliza "wewe," unamtenga mtu na wengine, unamnyooshea kidole. Linganisha "Ulisema utakuja" na "Wewe ulisema utakuja". Hiyo yenye "wewe" ni ya mtu aliyekwisha kuweka mikono kiunoni. Wanafunzi wanaotoka kwenye lugha zisizoweza kuacha kiwakilishi huzipanga "mimi" na "wewe" kila sentensi, na walimu huwaachia kwa kuwa si kosa. Usiwaachie.

Kosa la pili ni "kwa nini." Kumuuliza mtu mzima sababu moja kwa moja ni kumweka kizimbani. "Mbona" ni kali zaidi, maana hubeba mshangao na lawama ndani yake. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba "mbona" ni sawa na "kwa nini" atalaumu watu siku nzima bila kujua. La tatu ni kwamba sentensi ile haikumwachia bibi mlango wa kutokea. Jaribu kuipanga upya: "Shikamoo, bibi. Habari za nyumbani? Jumatatu tulikungoja, hatukukuona, tukasema labda kuna jambo. Ni salama?" Hapa msemaji ni "sisi," kutokuja kumetajwa bila kuulizwa sababu, na bibi amepewa nafasi ya kusema mwenyewe kwamba nauli haikupatikana au kwamba kulikuwa na msiba. Katika familia hiyo hiyo ya vyombo kuna vitenzi vya kutendeka, ambavyo vitabuni hufundishwa kama umbo tu. "Glasi imevunjika," "chai imemwagika," "nguo imechanika": jambo limetokea na hakuna aliyetajwa. Mwanafunzi akikimaliza kiambishi cha kutendeka bila kujua kwamba ni chombo cha kusitiri watu, amejifunza nusu.

Na ile "Haya" ya bibi. Mwanafunzi wako aliisikia kama kukubali. Mara nyingi "haya" maana yake ni "nimesikia," na wakati mwingine ni "tuyaishie hapa." Ndivyo ilivyo pia kwa "ndiyo" inayofuata "Umenielewa?" Mbele ya mhudumu wa afya, jibu la swali hilo karibu siku zote ni ndiyo. Kwa kazi yake, mfundishe kuuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo: "Tukipanga Alhamisi, usafiri utakuwaje?" au "Nyumbani zoezi hili utalifanyaje? Nionyeshe." Vilevile avizoee vijineno vya kukataa kwa upole: "tutaona," "nitajitahidi," "Mungu akipenda." Si uongo. Kila mwenyeji anavipima kwa sauti, kwa kama kuna saa iliyotajwa, na kwa kama msemaji ameuliza chochote kuhusu mpango wenyewe. Asiyeuliza chochote, usimngoje.

Kuhusu "Hapana" ya aliyekaribishwa chakula: neno hilo likisimama peke yake linakikataa chakula na mwenye chakula. Anayekaribisha anatimiza wajibu wake, na anayepita ana majibu yake: "Asante, nimeshiba," "Asanteni, nimetoka kula sasa hivi, endeleeni," au kwa lugha ya pwani, "Starehe." Akikaribishwa mara ya pili na ya tatu na kuwekewa nafasi, huo si wajibu tena, anakaribishwa kweli, na kuonja tonge moja kunatosha. Darasani fundisha pia "bado," ambayo huokoa mengi. "Umeoa?" "Bado." Hata kama hana nia hiyo kabisa.

Mengine nitayapitia haraka, kwa sababu nadhani unayajua ila hujayaweka kwenye ratiba. "Pole" si kuomba radhi. Aliyemkanyaga mwenzake mguu aseme "samahani," na anayeambiwa "pole" ajibu "asante" au "nimeshapoa" badala ya kubishana kwamba si kosa la msemaji. "Habari" hujibiwa "nzuri" au "salama" hata na mgonjwa, kisha ndipo huja "ila homa kidogo." "Mambo" ina umri wake na "shikamoo" ina umri wake, mgeni wa miaka 50 anayewaamkia shikamoo vijana wa bodaboda anawatia haya, na mtoto akimwamkia yeye, jibu ni "marahaba," siyo "poa."

Je, ungoje sarufi iive? Usingoje. "Naomba unisaidie" inaweza kukaririwa nzima nzima wiki ya kwanza, miezi kabla hujaeleza kwa nini kuna "u" na kwa nini mwisho ni "e." Baadaye ukifika kwenye somo hilo mwanafunzi atakuwa na mfano uliokwisha kukaa kinywani. Mwaka 1998 Kathleen Bardovi-Harlig na Zoltán Dörnyei walilinganisha wanafunzi wa Kiingereza waliokuwa Hungaria na waliokuwa Marekani. Wale wa Hungaria, pamoja na walimu wao, waliyaona makosa ya sarufi kuwa mabaya zaidi. Wale waliokuwa wakiishi Marekani waliona kinyume chake: makosa ya matumizi ndiyo mazito. Wanafunzi wako wanaishi Mikindani, wananunua samaki, wanapanda bajaji. Wana sababu ya kujali, na wana mahali pa kujaribia kila jioni. Ni mtaji ambao mwalimu wa Kiswahili aliyeko Ulaya hana.

Mwenzako ana hoja, ila ameigeuza. Ni kweli adabu mtu hulelewa nayo. Lakini kulelewa ni nini kama si kufundishwa kwa miaka? Mtoto wa Lindi husikia "Umemwamkia babu?", "Sema asante," "Unapokea kwa mkono gani?" maelfu ya mara kabla hajaanza darasa la kwanza, tena wakati mwingine kwa kofi. Mtu mzima mgeni hana huyo wa kumkemea. Kumkosoa mtu mzima mbele za watu ni utovu wa adabu, kwa hiyo wenye adabu wote wananyamaza, halafu wanalalamika nyuma yake. Anaweza kukaa Mtwara miaka 10 akirudia kosa lile lile. Darasa lako ndilo mahali pekee ambapo kukosolewa ni ruhusa.

Kuna mtego mmoja unaokungoja wewe mwenyewe. Mzawa wa lugha huzungumza vizuri, lakini ukimuuliza anasemaje hutoa jibu la vile anavyodhani inafaa kusema. Ukikaa mezani kuandika "namna ya kuomba," utaandika mazungumzo yenye "tafadhali" ambayo hujawahi kuyasema. Kwa hiyo kabla ya kila mada, kusanya. Chukua daftari dogo, na kwa wiki moja andika matukio 10 ya jambo hilo hilo, kwa mfano kuomba: kwenye duka la mangi, kwa fundi cherehani, kwenye daladala, kwa jirani. Andika maneno yenyewe ndani ya dakika chache kabla hayajachuja, na pembeni weka nani alimwambia nani, wanajuana kiasi gani, nini kilitangulia, na waliagana vipi. Usirekodi watu kwa simu bila idhini yao. Matukio 10 ni machache kwa utafiti, lakini yanatosha kwa somo, na nakuahidi utajishangaa.

Katika kipindi cha saa 2, tenga dakika 20, siyo zaidi. Dakika 5 za mwanzo wasome mazungumzo mawili uliyokusanya na wakisie: hawa ni akina nani, nani mkubwa? Kisha waulize vitu vitatu ambavyo karibu kila ombi hupimwa navyo: nani yuko juu ya nani, wako karibu kiasi gani, na kinachoombwa kina uzito gani. Halafu igizo la wawili wawili, na hapa walimu wengi hukosea kwa kubadilisha kila kitu kwa mpigo. Badilisha kitu kimoja tu. Wanaomba kalamu kwa mwenzao. Sasa wanaomba kalamu ile ile kwa mzee. Sasa kwa mzee yule yule wanaomba kukopa shilingi 50,000. Mwanafunzi atahisi mwenyewe salamu zikirefuka na ombi likisogea nyuma. Malizia kwa kumtuma kazi: kabla ya kipindi kijacho afanye jambo hilo mara 3 nje, aje aeleze alijibiwaje.

Usianze na kukataa wala kulalamika, ni magumu. Wiki 2 za salamu na kuagana (kuagana husahauliwa, na mgeni anayegeuka na kuondoka bila "haya, tutaonana" huacha watu wakimtazama mgongo), kisha kuomba, kisha asante, pole na samahani, ndipo ukaribisho na kukataa. Unapomsahihisha, tenganisha sauti mbili. Kwa sarufi sema "si hivyo." Kwa matumizi uliza, "Huyu bibi atadhani umekasirika. Ulitaka adhani hivyo?" Swali hilo linamheshimu mtu mzima, kwa sababu wakati mwingine jibu ni ndiyo. Na usimpime kwa karatasi peke yake. Mtu anaweza kuandika "samahani mama, naomba kupita" vizuri sana, kisha ndani ya daladala iliyojaa likamtoka "Wewe, sogea."

Huku kwetu kusini ongeza tahadhari mbili. Kwa wazee wengi wa bara, Kiswahili ni lugha ya pili kwao pia, baada ya Kimakonde, Kimwera, Kimakua au Kiyao, nao huja na adabu ya lugha hizo. Kiyao humheshimu mtu mmoja kwa kumsemesha kwa wingi, hivyo mwanafunzi wako akiulizwa na mzee wa Masasi "Mmeamkaje?" ilhali amesimama peke yake, asitazame nyuma kutafuta wenzake. Pili ni utani. Wa makabila, wa babu na mjukuu, wa mashemeji: humo maneno ambayo kwingine yangeleta kesi huleta kicheko. Wafundishe kuutambua na kuupokea kwa kucheka. Kuurudisha wangoje mpaka mtani mwenyewe awape nafasi. Mgeni anayetaniana kabla hajapewa utani anatukana tu.

Yapo pia ambayo hutayamaliza. Lafudhi na mkunjo wa sauti huchelewa kuliko yote, na mtu anayejua kanuni vizuri bado atateleza akiharakishwa. Wengine hawatataka. Utapata mwanafunzi atakayesikia kwamba asili ya "shikamoo" inahusishwa na kushika miguu, aseme hamwamkii mtu hivyo. Usigombane naye. Mweleze wenyeji wataliona vipi, mpe njia nyingine ya heshima, "Habari za asubuhi, mzee wangu," na uamuzi uwe wake. Kila mmoja wao awe na sentensi ya kujiokoa: "Samahani, Kiswahili changu bado. Nimesema vibaya?" Inawapa watu ruhusa ya kumkosoa, ruhusa ambayo bila kuambiwa hawaichukui.

Mwisho, yapo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyatatua. Ukihisi wewe mwenyewe umekwama, mwalike mwalimu mwenzako aketi nyuma ya darasa vipindi viwili akuandikie anachosikia. Walimu wa Kiswahili kwa wageni wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nao wanaifanya kazi hii. Yule wa hospitalini asingoje mada ifike kwenye ratiba: amwombe muuguzi mwandamizi amsikilize akihudumia wagonjwa wachache, kwa sababu pale kosa la matumizi linamkosesha mtu matibabu. Na bibi asitumiwe ujumbe wala kupigiwa simu. Muuguzi anayefahamika kwao amfuate nyumbani pamoja na mwanafunzi wako, mchana, wapige hodi na kungoja "karibu." Muuguzi aanze kusema, mwanafunzi amwamkie bibi na kumwomba radhi kwa maneno machache. Habari ya mazoezi ije baada ya hapo, na ikiwezekana bibi aianze mwenyewe.